Sola Saizi Yako: Piga Hesabu Kabla Ushuke Luthuli

Shuka Luthuli ama River Road Jumamosi mchana, simama nje ya duka yoyote ya sola, alafu skiza venye wasee huuliza. "Mdosi, hii seti ni ngapi?" "Inaweza beba tivii?" "Na friji je?" Jibu ni moja tu: "Hii inabeba kila kitu, buda." Hakuna mtu ameulizwa anaishi wapi, ako na balbu ngapi, hulala saa ngapi, ama hiyo friji ni ya lita ngapi. Doh inatoka, paneli inafungwa juu ya mathree, na baada ya wiki mbili inveta inapiga makelele saa tatu usiku, giza inaingia, na msee anaambia mtaa mzima ati sola ni bure kabisa.

Sola si bure. Hii kitu inafanya kazi, na kwa jua tuko nayo hapa ikweta ingefaa iwe kwa kila paa. Kenye huangusha wasee ni saizi. Na hii maneno inaniuma, juu doh ya sola ya mtu wa mtaa haitoki kwa mfuko moja. Kuna ya chama, kuna ya mkopo wa simu, kuna ya wera ya mjengo imewekwa pole pole mwaka mzima. Hiyo doh haifai ipotee juu mtu wa duka alikuwa anataka kumaliza stoki. So leo tunapiga hesabu, na tunaipiga mpaka mwisho.

Sababu ya kutaka sola tuko nayo. Juni 7, 2016, tumbili ilipanda paa ya stesheni ya Gitaru, ikaangukia transfoma, na nchi mzima ikaingia giza. (Tumbili yenyewe ilitoka hai, wasee wa KWS wakaichukua.) Agosti 25, 2023, Ijumaa usiku, stima ikapotea tena karibu Kenya yote, hadi JKIA wasafiri wakakaa gizani. Na hizo ni zile kubwa zenye zilifika kwa habari. Zile ndogo za mtaa, transfoma imelipuka Jumanne na hakuna mtu amekuja mpaka Alhamisi, hizo haziandikwi mahali.

Na sola pia si ngeni kwetu. Tangu 2012 M-KOPA ilikuwa inauzia watu ka-paneli kadogo, taa kadhaa, redio na chaja ya simu, unalipa kidogo kidogo kila siku na M-Pesa. Shosh wengi waliwacha koroboi hivo. Seti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imepimwa: kazi yake ilijulikana, na hakuna mtu alidanganya shosh ati itabeba friji. Hiyo nidhamu ya kupima ndio tumepoteza venye paneli zimekuwa kubwa.

Sasa skiza poa. Kuna namba mbili zenye watu huchanganya. Wati ni nguvu kifaa inavuta hiyo dakika imewashwa. Wati-saa ni jumla ya kenye imekula ukihesabu na muda. Balbu ya wati 7 ikiwaka masaa 5 imekula wati-saa 35. Na wati-saa 1,000 ndio ile yuniti moja ya tokeni unanunua kila wiki. Kumbe hesabu ya sola unaijua kitambo, ni venye tu hukuwahi ambiwa ni hiyo hiyo.

Njia rahisi kuliko zote ya kujua saizi yako ni mita ya tokeni. Soma yuniti zimebaki leo saa moja asubuhi, andika. Kesho saa moja asubuhi soma tena. Tofauti ndio keja yako inakula kwa siku. Fanya hivo siku kadhaa, na Jumapili iwe ndani, juu Jumapili ndio watu wako hao mchana mzima, tivii iko kwa boli na nguo zinapigwa pasi. Kama mita yako inashikana na ya majirani na landi hugawanya bili kwa kichwa, hapo itabidi uandike kifaa moja moja. Nyuma ya kila kitu kuna kibandiko kimeandikwa wati. Ukipata imeandikwa ampia na volti tu, zidisha hizo mbili.

Tuchukue mtu wa kawaida. Anaishi bedsita Kahawa West, anafanya wera ya mtandao, kuandika na kurekebisha video, so stima ikipotea doh pia inapotea. Ako na balbu tatu za wati 7, zinawaka masaa 5 usiku: wati-saa 105. Lapi inavuta kama wati 50, masaa 6: 300. Tivii ya inchi 32, wati 45, masaa 4: 180. Wufa ndogo ya wati 30, masaa 3: 90. Simu mbili: 30. Alafu kuna ruta ya waifai. Wati 10 pekee, mtu hata haifikirii. Lakini ruta haizimwi, inakaa masaa 24, na hapo imekula wati-saa 240. Imekula mara mbili ya balbu zote, imepita hata tivii. Hii ndio maana nasema muda ni muhimu kama nguvu. Kitu ndogo yenye hailali inaweza maliza betri kuliko kitu kubwa yenye inawaka dakika kumi.

Jumla ni 945. Inveta pia inakula yake ikigeuza moto ya betri kuwa stima ya nyumba, so ongeza kama asilimia 15. Tumefika karibu wati-saa 1,100. Hiyo ndio namba ya huyu msee. Si "seti ya bedsita," si "seti ya tivii." Ni 1,100, na kila kitu ingine inatoka hapo.

Kabla tuende kwa paneli, kuna vitu lazima tutoe kwa meza. Shawa ya stima ya bafu huvuta kama wati 5,500. Ukioga dakika kumi imekula zaidi ya wati-saa 900, yaani karibu siku nzima ya huyu msee wa Kahawa imeishia kwa bafu. Koili ya kuchemsha maji, pasi, birika ya stima, hizo zote ni moto, na moto ndio inamaliza sola haraka kuliko kitu ingine yoyote. Ziwache kwa Kenya Power ama kwa gesi. Mtu akikuambia ati seti yake ya bedsita inabeba shawa, toka hiyo duka. Kupasha maji na jua kuna njia yake ingine, zile tanki za juu ya paa, na hiyo haina maneno na betri.

Sasa jua. Paneli imeandikwa wati 400, na wengi hufikiria itatoa 400 kutoka asubuhi mpaka jioni. Hiyo 400 ilipimwa kwa maabara, mwangaza wa wati 1,000 kwa kila mita mraba na paneli ikiwa na joto ya nyuzi 25. Juu ya mabati ya Githurai saa saba mchana paneli inapita nyuzi 50 rahisi, na ikichomeka hivo nguvu inashuka. Ongeza vumbi ya barabara, ongeza waya, ongeza kenye betri inapoteza ikichajiwa. Kwa ground toa robo. Paneli ya 400 ihesabu kama 300.

Alafu masaa. Jua inatoka saa kumi na mbili na kuingia saa kumi na mbili, lakini asubuhi na jioni iko legevu. Ukikusanya nguvu yote ya siku uifanye iwe jua kali ya saa sita mchana, Nairobi mwezi wa pili unapata masaa yanapita 6. Mwezi wa saba, ile baridi ya mawingu kutoka asubuhi, unabaki na karibu 4, na kuna siku inashuka chini ya hapo. Turkana huko Lodwar iko kama 6 karibu mwaka mzima. Limuru na Kinangop, na ile ukungu yao, ni kinyume. Ndio maana seti ya bro yako wa Lodwar haiwezi kuwa seti yako hata kama mko na vitu sawa sawa.

Na wauzaji hupenda kuhesabu na mwezi wa pili. Wewe hesabu na wa saba. Hapa sitaki kulegeza hata kidogo, juu nimeona hii kitu ikirudia kila mwaka: mtu anaweka sola Januari, anafurahia, anaposti, alafu Julai anasema betri imeharibika. Betri iko fiti. Jua ndio imepungua, na hakuna mtu aliiweka kwa hesabu.

So msee wetu wa 1,100: gawanya na masaa 4, alafu gawanya na ile robo tatu yenye inabaki. Inakuja kama wati 370. Anunue paneli moja ya 400 hadi 450, na atalala poa Julai. Mwezi wa pili atakuwa na ya kuzidi, aite majirani wachaji simu.

Ukifika kununua hiyo paneli, beba tepu ya fundi. Ndio, tepu ya kupima. Paneli nzuri za siku hizi hugeuza kama asilimia 20 ya jua kuwa stima, zile kali zaidi zinapita hapo kidogo. Maana yake mita mraba moja inatoa wati 200 na kitu. Paneli ya kweli ya wati 400 lazima iwe karibu mita mraba mbili. Ni kitu ya kubebwa na watu wawili. Ukiona paneli ya saizi ya meza ndogo ya kahawa imeandikwa 300W, hiyo kibandiko inadanganya na hakuna haja ya kubishana. Zidisha urefu na upana, zidisha na 200, na umejua ukweli kabla utoe hata soo.

Betri nayo iko na uwongo wake. Kwanza usinunue betri ya gari. Ile imeundwa kuwasha injini, itoe nguvu mingi sekunde kadhaa alafu ijazwe tena. Ukiitumia kuwasha tivii usiku kucha inakufa haraka. Pili, namba kubwa kwa betri si kenye utatumia. Betri ya asidi ya volti 12, ampia-saa 200, ukizidisha ni wati-saa 2,400. Lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, so yako ni 1,200 pekee. Betri ya lithiamu ya volti 12.8, ampia-saa 100, ni wati-saa 1,280, na hiyo unaweza tumia asilimia 80 bila stresi, yaani kama 1,020. Umeona hapo? Betri yenye imeandikwa 100 inakaribia yenye imeandikwa 200. Muuzaji akikuonyesha bei za hizo mbili bila kukuambia hii, hajakuonyesha kitu.

Na kuna miaka pia. Asidi ikitumiwa kila siku mtaani hukupea miaka miwili, mitatu, ukiitunza minne. Lithiamu nzuri inaweza jazwa na kutumiwa mara 3,000 na zaidi, hiyo ni miaka minane hivi ya kila siku. Kama doh inafika, mi nasema lithiamu. Kama haifiki, asidi si dhambi, bora uheshimu ile nusu. Na ya asidi ipime kwa mikono: 200 ya kweli iko karibu kilo 60. Kama unaiinua na mkono moja ukiwa na simu kwa ingine, ndani hakuna risasi ya kutosha.

Huyu msee wa Kahawa anahitaji usiku ngapi? Jua ikizama ako na balbu, tivii, wufa, simu, ruta masaa 14, na lapi kama masaa mawili. Ni 645, na ya inveta ikiongezwa inakaribia 750. Lithiamu moja ya 100 inamfikisha asubuhi, na inabaki kidogo ya ile siku jua imechelewa. Hakuna haja ya betri mbili.

Hapa ndio kuna kosa imejaa mtaani kuliko zote, na ningependa kila mtu aikumbuke. Wasee hununua betri kubwa na paneli ndogo. Betri ya 200 na paneli ya 150, juu betri kubwa inaonekana kama nguvu. Lakini paneli ya 150 mwezi wa saba inaleta wati-saa 450 kwa siku. Hiyo betri inataka 1,200 ndio ijae kutoka nusu. Haitawahi jaa. Na betri ya asidi yenye haijai inaanza kujenga chumvi ngumu kwa sahani zake, inapunguka kila wiki, na kabla mwaka uishe imebaki sanduku. Mtu analaumu kampuni ya betri na shida ilikuwa paneli. Kama doh imebana, kata betri, usikate paneli.

Kati ya paneli na betri kunakaa kontrola ya chaji, na hii kitu ndogo ndio imekula doh ya watu kimya kimya. Kuna za PWM, bei rahisi, na kuna za MPPT, bei ya juu. Hizi paneli kubwa za 450 hutoa volti kama 41 na ampia 11. Betri yako ni ya volti 12. MPPT inachukua zile volti za juu inazigeuza kuwa ampia zaidi, so unapata karibu nguvu yote. PWM haijui hiyo kazi. Inaburuta paneli chini ifike kwa volti ya betri, alafu unabaki na ampia 11 kwa volti 13. Piga: ni kama wati 143. Umelipa 450, unapata theluthi moja, na hakuna kitu imeharibika ya kurudisha dukani. PWM iko sawa na zile paneli ndogo zenye zimeundiwa betri ya volti 12. Paneli kubwa ni MPPT, period. Kwa huyu msee, wati 400 gawanya na 12.8 ni ampia 31, so achukue ya 40.

Inveta sitakaa sana. Angalia vitu mbili. Moja, stima yake iwe ya mawimbi laini, si ile ya kukatwa katwa. Ile ya kukatwa inafanya wufa ingurume na mota ya friji ichomeke. Mbili, soma namba ya kufanya kazi muda wote, si ile kubwa ya mbele ya boksi. Nyingi zimeandikwa 2,000 na hiyo ni ya sekunde moja mbili pekee. Kazi yake ya kawaida ni 1,000. Bedsita bila friji, 500 inatosha na inabaki. Pia ujue inveta ikiwa imewashwa bila kazi inakula wati 10 hadi 20. Masaa 24 hiyo inaweza fika karibu nusu yuniti imeenda bila kuwasha hata balbu. Ndio maana mafundi wajanja huunganisha ruta moja kwa moja na volti 12 ya betri kupitia ka-adapta, alafu ukilala unazima inveta na waifai inabaki.

Sasa ocha. Hapa moyo iko, juu wengi wetu sola ya kwanza ya maana tunanunulia mathe. Tuseme mathe ako Makueni. Anataka friji ndogo, ya maziwa na dawa yake. Hiyo inakula kama wati-saa 800 kwa siku. Balbu nane masaa matano, 280. Taa mbili za nje za wati 10, zinawaka usiku kucha, 240. Tivii 180, dekoda 75, simu za hao wote 60. Jumla 1,635. Na juu kuna friji, inveta haiwezi zimwa, ongeza 480, yaani zile wati 20 zake masaa 24. Tumefika 2,115. Gawanya na 4, gawanya na robo tatu: wati 705. Paneli mbili za 400. Usiku, jua ikizama mpaka asubuhi, mathe anakula kama 1,500, so betri ya lithiamu ya volti 24, ampia-saa 100, yenye iko na kama 2,050 za kutumia, inamtosha na inabaki.

Angalia venye friji imebadilisha kila kitu. Si kwa zile 800 pekee. Imelazimisha inveta ikae macho, na inaposhtuka kuwaka, mota yake ya wati 100 inaweza vuta mara kadhaa ya hiyo kwa nusu sekunde. Kwa hivyo inveta ya mathe iwe 1,000 ya kweli. Na hapo volti 12 haitoshi vizuri: wati 1,000 kwa volti 12 ni ampia 83, waya inakuwa nene kama kidole, na mtu akiweka nyembamba inachomeka. Kwa volti 24 ampia inakuwa nusu. Moto wa nyumba huanzia hapo, kwa waya, so usikubali fundi akupunguzie waya ama fyuzi ya karibu na betri ndio bei ishuke. Maliza maneno ya friji kwanza na mathe mwenyewe. Muulize kama anaitaka kweli ama ni wewe unamtakia. Bila friji seti yake inashuka karibu nusu, na pengine angependa hiyo doh iingie kwa tanki ya maji.

Fundi naye achujwe. Kenya kuna sheria tangu 2012, na EPRA, wasimamizi wa kawi, ndio hutoa leseni: T1 ni ya seti ndogo, T2 za kati, T3 kubwa na zile zinaunganishwa na stima ya Kenya Power. Muulize leseni bila kuogopa, fundi wa ukweli haoni hiyo kama matusi. Na kama keja iko na stima ya Kenya Power na sola pamoja, lazima kuwe na swichi ya kubadilisha kati ya hizo mbili. Ukirudisha moto ya inveta kwa waya za nje, kuna mtu ako juu ya mlingoti akijua laini imekufa.

Kwa paa, angalia kivuli kuliko kitu ingine. Kivuli ya tanki ya jirani ikipita kona moja ya paneli inaweza shusha nguvu ya paneli mzima vibaya. Nenda juu saa tatu, saa sita na saa tisa, uone mwenyewe. Nairobi jua ya mwezi wa saba iko upande wa kaskazini, so inamisha paneli huko kidogo, kama nyuzi 10 hivi, mvua pia itaiosha. Na landi aandike amekubali, hata kwa meseji.

Lakini kuna wenye naona wakiuziwa sola na hawaihitaji. Unaishi Pipeline, ghorofa ya tatu, dirisha inaangalia ukuta ya jirani, paa imefungwa na keretaka hatoi funguo. Paneli kwa balkoni hapo itakupea makombo. Kenye wewe unataka ni kuvuka masaa stima imepotea: ruta, lapi, balbu mbili. Hizo ni wati 74. Masaa manne ni kama 300. Chukua betri ya lithiamu ya 12.8, ampia-saa 50, na inveta ndogo yenye iko na chaja, uichaji na tokeni stima ikiwepo. Ni doh kidogo sana, na ukihama unabeba kwa begi. Hiyo ndio saizi yako saa hii, na hakuna aibu ndani yake. Paneli itakungoja ukipata paa.

So usiku wa leo, kabla ulale, nenda kwa mita usome yuniti uandike. Kesho asubuhi rudia. Zungusha keja na kalamu, andika wati na masaa ya kila kitu, hata ruta, hata taa ya nje. Alafu shuka tao na hiyo karatasi, uiweke juu ya kaunta, na umwambie muuzaji akuonyeshe kwa hesabu, na mwezi wa saba, venye seti yake inafika hapo. Akiichukua akaisoma, kaa hapo. Akiisukuma kando akuambie inabeba kila kitu, duka za sola ziko mingi hiyo barabara, ingia inayofuata.